Matangazo ya Masikio

Farwaniya, Kuwait
14 Januari 2022

Mama Warda,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu mama, halafu Warda, halafu mlango wa nyumba na kila atakayeupita leo. Mimi ni mzima. Nimechoka tu, na uchovu si ugonjwa.

Najua Bashandi akikupa bahasha hii utamuuliza kama nimekufa. Sijafa. Nataka tuache kupigiana simu. Ujumbe mfupi wa kusema pesa imefika au haijafika ni sawa, lakini mazungumzo yetu tuyaandike kwenye karatasi kama watu wa zamani. Bashandi anakwenda na kurudi na mizigo ya watu, bahasha haitamvunja mgongo.

Sababu ni simu yenyewe. Imeanza kunichunguza. Juzi natafuta mahali pa kuangalia mpira bure, likatokea tangazo la vifaranga. Vifaranga, na banda, na taa ya kuwapasha joto. Chumba chetu kimejaa wanaume mpaka viatu vinalala nje, vifaranga nitawaweka wapi? Kesho yake ikaniletea hina na gauni jeusi la kike. Atwan, yule wa Minya anayelala kitanda cha juu yangu, kasema, "Wewe mtu wa Sohag, hata simu imekunusa ikajua umetoka zizini." Chumba kizima kikacheka. Mimi sikucheka. Kitu kinachoniletea nisichokitafuta kina jambo, na sitaki kisikilize maneno yangu na mke wangu.

Tena mimi napenda karatasi. Muulize mama habari za kanda za baba, alipokuwa Baghdad na mimi ndiyo kwanza naanza shule. Kanda ikifika, mama alifagia uwanja, akabadili nguo, akatuketisha, ndipo akabonyeza redio. Baba alisalimia mmoja mmoja, hata ng'ombe wetu alimsalimia kwa jina. Akiishiwa na maneno alinyamaza, na sisi tukasikia kijiko kikizunguka kwenye glasi yake ya chai. Mama hakuruhusu mtu kuruka kipande hicho. Alisema hicho ndicho kizuri kuliko vyote.

Niandikie. Andika kirefu.

Mumeo,
Dahi

*

Nagaa Tut, Girga
6 Februari 2022

Baba Warda,

Barua nimeipata, na Bashandi kanywa chai yake na kula mayai manne, kwa hiyo posta yako si ya bure.

Mama nimemsomea salamu zako. Kwa jinsi masikio yake yalivyo sasa, nimesoma kwa sauti kubwa mpaka jirani wa ng'ambo ya mfereji akaitikia, "Na kwake pia." Kanda bado ziko kwenye kopo la samli, chini ya kitanda. Redio ndiyo imekufa.

Lakini unasahau jambo moja. Baba yako, Mungu amrehemu, alituma kanda kwa sababu hakujua kuandika. Angekuwa na simu kama yako angepiga asubuhi na jioni. Wewe una simu, una sauti, na unaniletea karatasi. Niambie kweli, kuna mwanamke huko anayekuzuia kuongea na mimi? Kama yupo, sema, nijue namna ya kumwombea.

Hilo la vifaranga limenishangaza, kwa sababu anayetafuta vifaranga ni mimi. Nataka kuwafuga juu ya dari, kati ya vyuma vya nguzo zako, mpaka utakapojenga chumba cha juu. Na gauni jeusi ni la harusi ya dada yangu. Sasa simu yako imeyajuaje ya simu yangu?

Nimeanza kukuamini kwamba hivi vitu vina masikio. Maana na mimi vimenianza. Kila nikifungua kitu, naonyeshwa masikio. Vifaa vidogo vya rangi ya ngozi vya kutia sikioni, mzee mmoja anatabasamu, halafu maandishi: "Usikose tena sauti ya uwapendao." Nimeelewa mara moja. Simu inanisikia ninavyompigia mama yako kelele, ikadhani nataka kumnunulia dawa ya masikio. Nimemwonyesha lile tangazo. Akasema, "Wewe punguza maneno, masikio yangu hayana kasoro."

Warda kang'oka meno mawili ya mbele, ya juu. Sasa kila "s" inatoka na upepo. Sukari ni "thukari". Anakwambia, "Baba rudi Thohag." Ningekupigia umsikie, lakini umenikataza.

Nakutumia mlenda mkavu na mkate wa jua, nimeuumua juani mwenyewe. Mkate ulowanishe kidogo, usivunje meno na wewe.

Mkeo,
Inshirah

*

Farwaniya
11 Machi 2022

Mama Warda,

Hakuna mwanamke. Nani atamtaka mtu anayerudi jioni mweupe kwa vumbi la zege mpaka kope? Mashine ya kuvunjia zege ndiyo mke wangu wa huku. Naikumbatia tangu alfajiri, inanitingisha, na ikizimwa mwili unaendelea kutetemeka peke yake. Hakuna cha kuonea wivu.

Mkate tumeula wote. Atwan aliulowanisha kwenye chai, akafumba macho kama anasali.

Kuhusu hayo matangazo ya masikio, ni hivyo hivyo ulivyosema, ni kelele za mama. Usiyajali. Usiyabonyeze. Yatapita.

Atwan ana maelezo yake. Anasema hakuna cha bure humo ndani. Mpira tunaoangalia bure, ramani, mahali zinapokaa picha za Warda, vyote kuna mtu anavilipia, na anayelipa ni muuza vifaranga na muuza hina. Hao wanalipa ili wajue nani anatazama nini, wamfuate. Nikamwambia kwetu hilo si geni. Mpiga zeze alipokuja kijijini, mwenye harusi ndiye aliyemlipa, sisi wengine tulikaa ukutani tukasikiliza bure mpaka mashujaa wote wakafa. Lakini mwenye harusi tulimjua kwa sura. Na harusi ikiisha hakutufuata nyumbani kutuuzia vitanda. Atwan akacheka, akasema nimuache mwenye harusi, bure ya siku hizi ndiyo hii.

Unamkumbuka mpiga zeze wa harusi yetu? Yule mwenye jicho moja, aliyekutaja jina katikati ya hadithi ukajifunika uso? Huku nimempata kwenye simu, mtu alimrekodi. Mwaka jana nilikuwa namsikiliza kila Ijumaa, na kila shujaa akiinua upanga linaingia tangazo la sabuni. Nilikasirika sana. Siku hizi sikasiriki. Hadithi imepungua, ila matangazo yana maandishi, yanasomeka.

Nina ombi. Niandikie maneno ya Warda hivyo hivyo anavyoyatamka, na huo upepo wake. Yaandike mengi. Usiseme tu kwamba hajambo.

Ramadhani njema kabla haijafika.

Dahi

*

Nagaa Tut
19 Mei 2022

Baba Warda,

Idi imepita. Mama yako kaenda Asyut kwa kaka yako, atakaa huko mpaka joto lipungue. Nyumba imenyamaza. Sijapandisha sauti siku nyingi, hata mbuzi wananishangaa.

Na matangazo ya masikio hayajaacha. Yameongezeka.

Nikasema labda simu ina kumbukumbu ya zile kelele. Lakini juzi nikasoma tangazo moja vizuri mpaka chini. Liliandikwa: "Tupo karibu nawe." Karibu nami, Nagaa Tut? Nikaangalia mahali. Farwaniya. Mkabala na msikiti.

Nikaenda kwa Wahba wa duka la simu, ndiye aliyetutengenezea simu zote mbili wiki uliyosafiri. Nikamuuliza simu inasikiaje. Akanicheka. Akasema, "Shemeji, haikusikia chochote. Nyinyi nimewafungulia akaunti moja. Nyumba nyingi hapa naziwekea akaunti moja, kama mita ya umeme. Mlitaka picha za mtoto zimfikie baba yake bila taabu, au mlitaka nini? Basi akitafuta kitu yeye kule, na wewe hapa kinakufuata. Ukitafuta wewe, kinamfuata yeye. Kwa wenye matangazo, wewe na Baba Warda ni mtu mmoja."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikutaka kupanda gari na watu.

Halafu nikakumbuka Idi. Nilikutumia sauti ya Warda, ukanijibu kwa maandishi: "Mashallah, nimemsikia, kasoma vizuri sana, mbusu." Baba Warda, Warda hakusoma kitu siku ile. Alikuwa analia kwamba mbuzi kala kiatu chake cha sikukuu, na mimi nyuma yake nacheka. Nilidhani umesikiliza haraka, una kazi. Sasa nasoma tena barua zako. Hadithi imepungua. Niandikie anavyotamka. Tuache kupigiana simu.

Nakuuliza swali moja, na sitaki karatasi ndefu. Kati ya hizi nyumba mbili zenye akaunti moja, nani hasikii?

Inshirah

*

Farwaniya
10 Juni 2022

Mama Warda,

Mimi.

Umesema hutaki karatasi ndefu lakini itakuwa ndefu.

Lilianza na kengele. Nilizisikia kichwani baada ya kazi, nikadhani ni za jirani. Zikabaki. Wengine walipewa vipande vya sponji vya kuziba masikio, na mimi nilipewa, nikavitoa kwa sababu nikiviweka simsikii msimamizi akiniita, na msimamizi asiyesikika ana hasira. Nikavitoa ili nisikie. Sasa unaona.

Novemba ulinipigia, ukaniambia jambo, nikasema, "Alhamdulillahi, vizuri." Ukakata simu. Baadaye uliandika kwamba shangazi yako kafariki na mimi nimesema vizuri. Nilikuomba msamaha nikasingizia mtandao. Hapo ndipo niliogopa. Nikatunga habari ya simu inayochunguza. Vifaranga walinisaidia kutunga. Sikujua kwamba nilikuwa nasema kweli.

Atwan ndiye aliyenipeleka kwa daktari. Aliongea na daktari, halafu akaniandikia kwenye simu yangu. Daktari kasema kilichokufa hakirudi, kilichobaki kinaweza kusaidiwa na kifaa, ila niiache mashine. Nikiendelea nayo, hata kifaa hakitakuwa na cha kusaidia. Baada ya hapo nikawa naviangalia hivyo vifaa kila siku, bei zake, sura zake. Kumbe nilikuwa navileta mezani kwako na kumsingizia mama yangu.

Kinachoniuma si zege wala msimamizi. Nilikuwa na kipande cha sauti ya Warda, cha mwaka juzi, anahesabu kuku. Nilikisikiliza kila nikipanda basi la kazini. Siku moja nikabonyeza, nikaona mstari unatembea kwenye kioo na hakuna kitu. Nikadhani kimefutika. Nikampa Atwan asikilize. Akatabasamu. Basi nikajua hakijafutika.

Lakini sirudi sasa. Usianze. Nyumba ina nguzo zilizosimama na vyuma vinavyotazama mbingu, watu wanapita wanauliza Dahi atamaliza lini. Nirudi kiziwi nikakae chini ya dari ambayo kuku wanaishi juu yake? Sasa serikali inakataza kazi ya juani wakati wa mchana, tunapumzika saa za joto, mashine nayo inapumzika. Nitavumilia mpaka chumba cha juu kiezekwe. Sikio la kulia bado linanipa kitu. Nikigandamiza simu sana, nasikia kama mtu anaongea ndani ya mtungi.

Usimwambie mama.

Dahi

*

Nagaa Tut
27 Juni 2022

Baba Warda,

Nimesoma. Nimelia, nimechambua mlenda, nimewapa kuku maji, nimesoma tena.

Sitabishana na wewe kwa barua. Barua inangoja Bashandi ajaze mabegi yake, na wewe ukipewa muda unapata hoja. Nguzo zako sizitaki. Hizo ni zako na wapita njia.

Nakuambia jambo moja tu. Jana nilimtazama Warda kinywani. Ufizi umevimba, na ncha nyeupe inaonekana upande wa kushoto. Meno yakitoka, huo upepo unakwisha. Kwenye simu nitakuwa nimeurekodi, ndiyo, na utautazama mstari ukitembea.

Hivi ndivyo alivyosema jana, umeniomba niandike: "Mama, baba akija thitamthomea herufi, nitamthimulia thikioni, polepole, mpaka athikie."

Nimemwambia ana siri yako, asimwambie bibi. Anaitunza kuliko ulivyoitunza wewe.

Nimekwenda kwa Wahba tena nikamuuliza swali moja. Jibu lake nimelipenda.

Inshirah

*

Farwaniya
22 Julai 2022

Mama Warda,

Nilidhani umekasirika, kwa sababu baada ya barua ile hukuleta hata ujumbe wa pesa imefika. Kumbe ulikuwa na shughuli.

Ilianza Jumatatu. Nafungua mpira, natangaziwa tikiti ya ndege, Kuwait kwenda Sohag. Nikaipuuza. Nafungua habari, tikiti, Kuwait kwenda Sohag, kiti cha dirishani. Nafungua hali ya hewa nione vumbi la kesho, tikiti. Masikio yote yameondoka, yule mzee anayetabasamu kaondoka, nimebaki na ndege tu. Asubuhi wakati wa kuvaa viatu, ndege. Mchana tumelala kivulini, ndege. Jumatano zikaongezeka kengele za mbuzi, redio ya kanda, na mabegi. Atwan alichukua simu, akaitazama, akanipiga bega, akaandika: "Huyu mwenye matangazo anakupenda." Nikamwandikia, "Kwa wao mimi na yeye ni mtu mmoja." Akasoma, hakutania tena siku ile.

Nakuona umekaa juu ya ngazi, kidole kinatafuta tikiti asubuhi, kinatafuta tikiti baada ya adhuhuri, na Warda kando yako anakukumbusha. Wenye matangazo hawajui wamebeba nini. Wanadhani wamepata mteja. Mimi miezi yote hii nilikuwa nakimbia sauti yako kwa sababu siisikii, na wewe ukapata njia ya kuniita ambayo haihitaji sikio, na gharama kalipa muuza tikiti. Bashandi hakupata hata yai.

Ijumaa nikatafuta yule mpiga zeze wetu. Nikaweka simu kwenye sikio la kulia nikaigandamiza. Nikapata kitu kwa mbali, kama zeze linalopigwa ndani ya mtungi. Sijui alikuwa amefika wapi. Nikatazama kioo ili nijue, na kabla shujaa hajainua upanga, likaingia tangazo. Kuwait kwenda Sohag.

Nimelibonyeza.

Mashine nimemrudishia msimamizi. Alisema maneno mengi, na hapo kwa mara ya kwanza uziwi ulinifaa. Nguzo zitasimama, zimezoea. Kuku wasishushwe.

Nasafiri Alhamisi ijayo. Ningeweza kukuandikia kwenye simu sasa hivi, lakini wenye matangazo wameshajua kabla yako, angalau barua iwe yako peke yako. Bashandi anaondoka kesho, ndiyo maana naandika haraka na mwandiko umeharibika. Usitengeneze chochote. Ukitaka kutengeneza, tafuta mtu wa redio, atazame kama ile ya mama inaweza kupona. Nataka tukae uwanjani, tuweke kanda ya baba, na kikifika kile kipande cha chai unishike mkono, nijue kijiko kinazunguka.

Na Warda mwambie afunge mdomo. Afunge kabisa, asicheke na mtu, meno yasione jua mpaka nifike.

Dahi